Singapore hadi Bangkok kwa Basi na Treni: Mwongozo kwa Mume na Mke

Mwongozo huu unahusu njia ambayo mimi na mume wangu tumeizoea, inayoanzia Singapore, ikapita Kuala Lumpur nchini Malaysia na kuishia Bangkok nchini Thailand, yote kwa nchi kavu. Msingi wake ni kwamba ratiba ifuate jua kwanza, na vivutio vifuate baadaye. Joto la miji hii halipungui sana hata usiku, na wawili waliochoka kwa jasho hugombana kwa jambo ambalo wangelicheka wakiwa nyumbani.

Hatua ya 1: Maandalizi

Nchi hizi tatu hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wasafiri watokao katika nchi zenye ugonjwa huo, zikiwemo Kenya na Uganda. Chanjo huhesabika kuwa halali baada ya siku 10, kwa hiyo msiiache hadi wiki ya mwisho.

Bangkok hupoa kidogo kati ya Desemba na Februari, na Aprili ndio mwezi wa joto kali zaidi. Singapore na Kuala Lumpur, kwa kuwa zipo karibu na ikweta, hazina msimu wa baridi wa kungojea. Kila mmoja abebe begi moja ambalo anaweza kulipandisha ngazi bila msaada, lenye nguo nyepesi za pamba, shati la mikono mirefu na suruali au sketi ndefu kwa ajili ya misikiti na mahekalu. Ongezeni kanga au kikoi, kwa sababu viyoyozi vya mabasi na treni huko ni vikali mno.

Hatua ya 2: Kuigawa siku

Tokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na mrudi ndani kabla ya saa tano. Kuanzia hapo hadi saa kumi jioni kaeni kwenye makumbusho, maduka makubwa au chumbani, kisha tokeni tena jua likiwa limelegea. Katika saa hizo za mchana ninasisitiza kila mmoja aachwe afanye lake: anayetaka kulala alale, anayetaka kusoma asome. Kunyweni maji kabla ya kuhisi kiu, na mchukue pakiti chache za ORS, yaani chumvi ya kuchanganya na maji ya kunywa, kwa maana jasho huondoa maji na chumvi pia.

Hatua ya 3: Singapore

Mle katika vituo vya chakula kama Maxwell na Lau Pa Sat, ambako vibanda vingi huzunguka meza za pamoja; utamaduni huu uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2020. Wenyeji huweka pakiti ya tishu juu ya meza kuonyesha kwamba imeshachukuliwa, nanyi msiiondoe. Mmoja ashike meza na mwingine apange foleni, kisha mbadilishane. Mkimaliza, rudisheni trei wenyewe, kwani sheria inataka hivyo. Ndani ya treni za mjini ni marufuku kula na kunywa, hata maji.

Basi la kwenda Kuala Lumpur husimama mpakani mara mbili. Upande wa Malaysia shukeni na mizigo yote.

Hatua ya 4: Kuala Lumpur

Pandeni treni ya mapema kwenda Batu Caves, mapango yenye mahekalu ya Kihindu, kwa kuwa ngazi zake 272 zikishapigwa na jua la saa tano huwa adhabu. Msishike chakula mkononi, maana nyani wa pale hunyang'anya. Mvua ya radi hunyesha mara nyingi alasiri. Ikiwakuta karibu na minara ya Petronas, ipo njia ya juu iliyofunikwa na yenye kiyoyozi inayofika hadi Bukit Bintang, mtaa wa maduka.

Hatua ya 5: Treni ya usiku

Hapa ndipo penye utamu wa safari yote. Kutoka KL Sentral, stesheni kuu ya Kuala Lumpur, treni ya umeme huwafikisha Padang Besar, stesheni ya mpakani ambako maofisa wa uhamiaji wa Malaysia na wa Thailand wote wamo katika jengo moja. Rudisheni saa nyuma kwa saa moja. Treni ya Thailand huondoka jioni na kufika stesheni ya Krung Thep Aphiwat, mjini Bangkok, asubuhi. Kateni tiketi mapema, na mkiweza chukueni vitanda viwili vya chini, kwa kuwa ni vipana kuliko vya juu na vina dirisha. Mhudumu hupita akigeuza viti kuwa vitanda, akitandika shuka safi na kufunga pazia.

Hatua ya 6: Bangkok

Kasri la Kifalme hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi. Fikeni mapema, mabega na magoti yakiwa yamefunikwa kwa nguo kamili. Baadaye tembeeni hadi hekalu la Wat Pho, penye sanamu ya Buddha aliyelala yenye urefu wa mita 46, kisha vukeni mto Chao Phraya kwa kivuko kwenda hekalu la Wat Arun. Usiku nendeni Yaowarat, mtaa wa Wachina, na mnunue sahani moja moja ya kula pamoja ili muonje vibanda vingi.

Siku ya kuondoka msitegemee teksi, kwa sababu foleni za Bangkok hazitabiriki. Treni ya uwanja wa ndege kutoka stesheni ya Phaya Thai hufika uwanja wa Suvarnabhumi kwa takriban nusu saa.