Kabla ya kuhama chuo cha uuguzi, omba daftari la mazoezi

Wewe unayesoma uuguzi hapa Mwanza na unapiga hesabu za kuhama: ukiwa mazoezini hospitali ya Bugando au Sekou Toure, mtafute mwanafunzi wa chuo unachokitamani, muombe akuonyeshe daftari lake la mazoezi, lile la kuandikia kazi alizofanya wodini na kusainiwa. Angalia kuweka kanula (kimpira cha kuingiza dawa mshipani), mpira wa mkojo, kuzalisha. Kafanya mwenyewe, au alikuwa nyuma ya wenzake kumi akichungulia? Nani kasaini? Vigae vizuri vya darasani havikufundishi kupata mshipa wa mtoto mchanga. Ila daftari la mwaka wa kwanza litakuwa tupu tu, usilihukumu. Na kama umebakiza muhula mmoja, achana na haya. Chuo kipya kinaweza kukurudisha nyuma, na ada unalipa upya.