Jinsi ya Kuandika Ndoa na Familia ya Mwigizaji Mkongwe Bila Kuchanganya Hesabu

Anza na jedwali, aya zitakuja baadaye. Weka safu tano: mwenzi, tarehe ya kufunga ndoa, mahali, namna ilivyokwisha (talaka au kifo) na tarehe ya kukoma. Kila ndoa ipate mstari wake, hata kama mwenzi ni yuleyule.

Hapo kwenye mwenzi yuleyule ndipo wengi huteleza. Mwigizaji Richard Burton alifunga ndoa 5 na wanawake 4: Sybil Williams (1949–1963), mwigizaji Elizabeth Taylor (1964–1974), Taylor tena (1975–1976), Suzy Hunt (1976–1982) na Sally Hay, kuanzia 1983 hadi Burton alipofariki Agosti 1984. Ukiandika tu "Taylor, 1964–1976", umefuta talaka nzima pamoja na harusi ya pili, iliyofungwa Botswana. Ndiyo maana Taylor naye huhesabiwa ndoa 8 lakini waume 7.

Tarehe ya kukoma iwe ya talaka yenyewe. Habari za kutengana hutangulia, na ukizichukua ndoa inafupishwa bure. Mwaka peke yake nao hautoshi: 1976 Burton aliachana na Taylor na kuoa tena, kwa hiyo andika mwezi. Mistari miwili ikipandana, rudi ukakague hati kabla ya kuendelea.

Kwa watoto, taja wazazi wawili na namna mtoto alivyoingia katika familia: kuzaliwa, kuasiliwa au kuwa wa kambo. Kate (1957) na Jessica (1959) ni wa Burton na Sybil. Liza ni wa Taylor na mumewe wa awali, Mike Todd, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1958. Maria aliasiliwa, Taylor alianza utaratibu huo akiwa bado mke wa Eddie Fisher, ukakamilika akiwa na Burton. Burton na Taylor hawakuzaa pamoja, na sentensi legelege kama "walijaliwa watoto" inapotosha kabisa.

Majina ya kisanii yanastahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa huzua ukoo usiokuwepo. Burton alizaliwa Richard Jenkins huko Wales mwaka 1925, mtoto wa 12 kati ya 13 wa mchimba makaa ya mawe. Mama yake alifariki 1927, akalelewa na dada yake Cecilia. "Burton" ni jina la mwalimu wake, Philip Burton. Mwalimu alitaka kumuasili, lakini sheria ilidai wapishane miaka 21 na yeye akapungukiwa na siku 20, akawa mlezi wa kisheria tu. Ukimwandika Philip kuwa baba, umekosea. Muweke kwenye mstari wa walezi, pamoja na Cecilia.

Watoto wasiofanya kazi za hadharani watajwe kwa jina na mwaka wa kuzaliwa, iwapo tayari vinajulikana. Magonjwa, shule na makazi yao yaache nje ya jedwali.