Kabla ya Kuingia Porini Tabora: Ifahamu Alama ya Kupe na ya Papasi

Anayejiandaa kwenda Sikonge au Urambo kukagua mizinga ya nyuki, au kuchunga ng'ombe kwenye miombo, hukumbuka buti, panga na maji ya kunywa, lakini kibano chenye ncha nyembamba hukisahau, ilhali ndicho atakachokitafuta siku atakapomkuta kupe ameng'ang'ania kinenani, kwapani au nyuma ya goti. Kupe hushikwa karibu kabisa na ngozi, akavutwa taratibu bila kusokotwa, kisha mahali hapo huoshwa kwa maji na sabuni. Mafuta ya taa na kijinga cha moto viachwe, hata kama wapo wanaoviapia kambini, kwa kuwa kupe anayesumbuliwa huweza kutema mate yenye vimelea ndani ya ngozi. Kipande cha mdomo kikibaki, kisichokonolewe. Ngozi hukisukuma nje yenyewe.

Inafaa pia kujua mapema jinsi alama ya kawaida inavyoonekana. Maelezo mengi hutaja wekundu, jambo ambalo kwetu wenye ngozi nyeusi halisaidii sana, kwani wekundu huo huonekana kama weusi uliokolea au zambarau, na kidole hugundua joto na ugumu kabla ya jicho. Kivimbe kinachowasha hunywea baada ya siku chache, au wiki moja hadi mbili. Kinundu kigumu huweza kudumu wiki kadhaa na doa jeusi miezi, bila kuwa na ugonjwa wowote.

Linalopaswa kutiliwa shaka ni kigaga cheusi, mithili ya ngozi iliyounguzwa kwa sigara, chenye uvimbe pembeni na pengine kisichouma sana, kikifuatana na mitoki, homa na maumivu ya kichwa takriban wiki moja baada ya kuumwa. Hiyo ni homa ya kupe, iletwayo na bakteria aitwaye Rickettsia africae, na tabibu huitibu kwa dawa ya doksisaiklini. Kwa sababu hiyo, tarehe ya kuumwa iandikwe, hata kwenye simu.

Papasi, aina ya kupe aishiye ndani ya nyumba, ni habari nyingine. Huyu hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hunyonya usiku kwa muda mfupi na kuondoka kabla hujaamka, hivyo hutamkuta mwilini. Huacha kidoa kidogo tu ambacho wengi hudhani ni cha kunguni. Anayetarajia kulala katika nyumba ya namna hiyo apange kitanda kilichoinuka na kusogezwa mbali na ukuta, pamoja na chandarua kilichochomekwa vizuri. Homa ya papasi hupanda kwa siku kadhaa, ikatulia, kisha ikarudi baada ya wiki hivi, na ni hatari zaidi kwa mjamzito. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuigundua, kwa hiyo mgonjwa amweleze tabibu mahali alipolala na aombe damu yake itazamwe kwa hadubini wakati homa ingali juu.