Kumuandika mhusika aliyekataliwa na watu wake kwa kupitia yaliyokukuta wewe

Insha za aina hii huharibika mapema. Mtu anamsoma mhusika aliyetengwa, anaandika "na mimi niliteseka kama yeye," kisha yanafuata malalamiko kurasa mbili na mhusika haonekani tena. Uchungu hauwaunganishi, maana kila mtu anao. Tafuta kanuni aliyoivunja mhusika, na nani aliyekuwa akiilinda.

Soma kitabu kizima kwanza bila ya kalamu. Mara ya pili chagua tukio moja, lisizidi kurasa tatu, ambamo mhusika na watu wake wanakabiliana. Mchukue Yasmin wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya 1999 kuhusu Unguja ya enzi za Mwingereza. Kaozwa mume mzee asiyempenda, anamkimbia, na jamaa zake Wahindi wanamkataa. Ukiandika "jamii ilimkandamiza" hujasema kitu. Jibu maswali manne, kila moja kwa sentensi moja: anatakiwa afanye nini? Nani hasa anayemtaka hivyo? Akikataa ananyimwa nini, mlango, chakula au salamu? Na nani anampokea?

Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndilo lenye mengi. Yasmin anapokewa na rafiki yake Mwajuma, Ng'ambo. Kumbe jamii si moja: iliyomfungia mlango ni ya ukoo wake, na upande wa pili wa mji kuna waliomfungulia. Hapo insha inapata mwili.

Sasa jiulize wewe maswali hayo hayo. Usihangaike na tukio kubwa. Kukataa mchumba au kuacha masomo aliyokuchagulia baba kunatosha. Liandike kwa sentensi tano hadi saba, na humo yawemo maneno yenyewe yaliyosemwa. "Watu watasemaje?" ya shangazi aliyekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, hakuinua hata uso, inaonesha zaidi kuliko aya nzima juu ya mila. Kisha mpe huyo shangazi sentensi moja ya haki yake: anaogopa fedheha gani, na itamwangukia nani? Bila ya hiyo utakuwa umechora adui tu.

Lazima iwepo aya ya tofauti. Yasmin alifungiwa mlango. Wewe pengine jioni ulirudi nyumbani ukala. Sema hivyo waziwazi, la sivyo msomaji ataona umeazima mateso ya mwenzio.

Suala la sitara ni zito kwetu, visiwa ni vidogo. Ukiandika "mjomba wangu mwenye duka Chake Chake," ameshajulikana kabla hujaweka nukta. Badilisha vitu viwili kwa pamoja, udugu na mahali: mjomba awe baba mdogo, Chake iwe Wete. Kanuni, maneno yaliyosemwa na ulichonyimwa viache kama vilivyo. Kama bado atatambulika, tafuta tukio jengine.

Kwa kurasa mbili, nusu iwe ya mhusika, robo yako, robo ya tofauti. Ukimaliza, funika jina la mhusika kwa kidole usome tena. Ikiwa aya zinamfaa mhusika yeyote aliyeonewa, rudi kwenye zile kurasa tatu, maswali yale manne hukuyajibu.