Somo: pima kiuno chako kwa ajili ya moyo

Jambo ndugu zangu wa Lubumbashi na kwingineko. Mimi ni muuguzi, mume wangu fundi cherehani katika mtaa wa Katuba, na nyumbani tuna utepe mmoja tunaougombania. Yeye akimpima mteja huongeza vidole viwili ili nguo isibane. Mimi nataka kiuno chenyewe, bila huruma.

Hatua ya 1. Vua shati, legeza kikwembe au mkanda. Simama, miguu pamoja, mikono ining'inie.

Hatua ya 2. Hapa wengi hukosea, kwa hiyo twende polepole. Bonyeza ubavuni kwa kidole mpaka uukute ubavu wa chini kabisa. Shuka tena hadi ugonge ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Katikati ya mifupa hiyo miwili tia alama kwa kalamu, kulia na kushoto. Utepe upite juu ya alama hizo. Mgongoni hupenda kuteremka, kwa hiyo mwombe mtu akuangalie. Usipime pale suruali inapokaa! Papa mwenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo, ndiyo maana anavaa namba ileile tangu harusi yake na anaapa hajanenepa.

Hatua ya 3. Toa pumzi kawaida, soma namba papo hapo. Utepe uguse ngozi bila kuikata. Kuvuta tumbo ndani hakusaidii, na nasema hivyo kwa kuwa nami nimewahi kufanya.

Hatua ya 4. Pima makalio pale yanapojaa zaidi, kisha gawanya kiuno kwa makalio. Kiuno 96, makalio 102: unapata 0.94.

Sasa namba. Kwa Shirika la Afya Duniani, hatari hupanda mwanaume akizidi sentimita 94, na hupanda sana akizidi 102. Mwanamke ni 80 na 88. Ile hesabu ya kugawanya, mwanaume asifike 0.90, mwanamke asifike 0.85.

Kwa nini tumbo? Mafuta yanayozunguka utumbo hayakai kimya. Humwaga asidi za mafuta kwenye damu inayokwenda ini, sukari na mafuta ya damu vinavurugika, tansio (shinikizo la damu) inapanda. Mafuta ya mapaja na makalio hayana ukorofi huo. Utafiti wa INTERHEART, uliotolewa 2004 kutoka nchi 52, ulikuta kiuno kwa makalio kinaonyesha hatari ya shambulio la moyo vizuri kuliko hesabu ya uzito na urefu. Hesabu hiyo ya uzito, kwa taarifa yenu, ilitokana na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19. Alikuwa mtu wa nyota na takwimu, si muganga (daktari).

Huna utepe? Chukua kamba, ipime toka kisigino hadi utosi, ikate, ikunje nusu, izungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimepita nusu ya urefu wako, na hapo ni pa kuangalia.

MASWALI

Papa wa Ruashi: Muganga, mimi mwembamba, miguu kama fimbo, ila kiuno 101. Nina kilo 70 tu.
— Papa, mizani imekuficha. Nenda wakupime tansio na sukari wiki hii.

Mama wa mapacha: Nimezaa miezi miwili iliyopita, nimepata 95.
— Hongera, mama. Weka utepe kabatini kwanza. Mjamzito na aliyetoka kujifungua hawahukumiwi kwa namba hizi.

Kijana wa Kenya: Nikifanya mazoezi ya tumbo kila asubuhi kitaisha?
— Misuli itakaza, mafuta hayachagui pa kutokea. Tembea kwa kasi, punguza soda na bia, tonge la bukari (ugali) liwe dogo, sombe (majani ya muhogo) iwe nyingi, mafuta ya mawese kidogo.

Yaya (dada) wa Kampemba: Mimi 78, basi niko salama?
— Kiuno ni salama, yaya. Tansio haipimwi kwa utepe, na sigara vilevile.

Fundi wa Kamalondo: Napima watu kila siku. Nikikuta 104 nimwambie mteja?
— Mwambie, ila kwa sauti ya chini. Mume wangu alimtangazia mmoja mbele ya mkewe. Ile suruali bado imetundikwa kwetu.