Mpe tumbili kazi ya kutwa

Porini, tumbili hushinda akitafuta riziki: anabandua ulimbo kwenye mgunga, anapasua maganda, anavizia panzi. Kizimbani tunamwekea beseni la ndizi saa tatu asubuhi, na kabla ya saa tatu na nusu limebaki tupu. Kuanzia hapo mpaka jua litue hana la kufanya. Ukimwona anazunguka njia ileile, anajibembeza au anajinyonyoa manyoya, usiseme ana wazimu. Amekosa kazi, au amekosa mwenzake.

Mimi nahudumia tumbili na nyani waliookolewa, hapa Kisumu. Dume mmoja aliletwa kutoka baa alikofungwa mnyororo, kiuno kina kovu, mkono wa kushoto mweupe kuanzia kiwiko. Dawa ilitibu kiuno. Mkono aliendelea kuunyonyoa.

Kwa hiyo anza na chakula. Tandaza nyasi kavu zifike kifundo cha mguu, umwage humo konzi ya mahindi na mtama asubuhi, mchana na jioni. Nafaka yenye ukungu itupe, usimpe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, huharibu ini. Kisha chukua pingili ya mwanzi, toboa matundu ya kupenya kidole kimoja, tia karanga, ama kumbikumbi wakati wa mvua, uining'inize kwa kamba fupi isiyoweza kumzunguka shingo. Yule dume aliipokea ya kwanza kwa miguu yote miwili, akachungulia tundu, akanusa, akaingiza kidole, akaigeuza, akaanza upya. Nilisimama pale karibu saa nzima. Mkono wake hakuugusa hata mara moja.

Ndizi punguza. Matunda ya shambani yana sukari nyingi kuliko ya mwituni, nyuzi chache. Mpe sukuma, viazi vitamu, matawi mabichi ya mkuyu, na pera, kwa sababu mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mbega usimlishe hivyo kabisa: tumbo lake lina vyumba vya kuchachusha majani, na vitamu humwumiza. Wageni wenye mkate na biskuti wazuie bila kuona haya.

Viegemeo vya kukalia viwe juu kuliko kichwa cha mtu, maana tumbili akiogopa hukimbilia juu. Funika upande mmoja kwa mkeka wa mafunjo apate pa kujificha; kukodolewa macho kwake ni vitisho.

Mwenzake usimtupie ghafla. Sisi tuliharakisha mara moja, jike akang'atwa sikio. Waweke vizimba jirani, wavu katikati, usubiri mpaka uwaone wakitoana chawa kupitia matundu. Siku ya kufungua, chakula kiwe sehemu nyingi na milango iwe miwili, mnyonge asibanwe kwenye kona. Yule dume tulimngojea wiki sita. Sasa jike mzee humchambua mkono kila mchana, naye huunyoosha mwenyewe. Kuna manyoya laini ya kijivu yameanza kuota.

Ukiwa na kikohozi au mafua, mwachie mwenzako zamu. Kifua kikuu chetu huwaambukiza.

Na kama unaye mmoja nyumbani, usiyachukue haya kuwa ruhusa. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 inakataza kumfuga bila kibali. Pigia KWS, shirika la serikali la wanyamapori, simu leo, na mpaka wafike, mfungue mnyororo ndani ya chumba chenye kivuli na maji.