Kuifufua Chrysler: kazi ianzie kwenye yadi za mawakala

Tangu sedani yake ya 300 iache kutengenezwa mwishoni mwa 2023, Chrysler imebaki na minivani peke yake: Pacifica, na Voyager ambayo ni Pacifica iliyopunguzwa vikorombwezo na bei. Ni aibu kwa jina lililoanza 1925. Bado linaweza kuinuliwa, mradi mpangilio wa kazi ufuatwe.

Anza na stoki. Chukua magari yaliyoko kwa mawakala, gawanya kwa mauzo ya siku. Magari 900 yanayouzwa 10 kwa siku ni stoki ya siku 90, lenga 60. Ikizidi hapo, kiwanda kipunguze kasi kabla bei haijashushwa. Punguzo kubwa humzoesha mteja kusubiri, tena huangusha bei ya gari lililotumika. Bei hiyo ikianguka, anayekodi gari jipya hulipa zaidi kila mwezi, maana malipo yake hukokotolewa kwa thamani itakayopotea.

Kisha gawa majukumu. Chapa isiyo na kazi yake hufa: Mercury ilikuwa Ford iliyobadilishwa sura kidogo, na Ford ikaifunga. GM nayo ilipofilisika 2009 iliachana na chapa zake za Pontiac na Saturn. Ndani ya Stellantis, kampuni mama ya Chrysler na ya chapa hizi nyingine, mbio ziwe za Dodge, matope ya Jeep, mizigo ya Ram. Chrysler ibebe familia: nafasi, utulivu, safari ndefu bila uchovu.

Gari la pili liwe SUV ya safu tatu, wala lisisubiri chasi mpya, kwa sababu hiyo hula miaka. Charger mpya ya Dodge imekaa juu ya STLA Large, chasi ya pamoja ya Stellantis, na hutengenezwa Windsor, Ontario, Kanada, kiwanda kilekile cha Pacifica. Tumia msingi huo. Shirikisha visivyoonekana: sakafu, suspensheni, nyaya, injini ya Hurricane ya lita 3.0 yenye silinda sita na turbo mbili. Vinavyoonekana na kuguswa viwe vya Chrysler yenyewe: milango, paa, taa, dashibodi, viti. Kampuni nyingi hufanya kinyume, zikabadilisha grili na beji tu, na mnunuzi hugundua dakika ya kwanza anapofungua mlango. Toa na haibridi, kisha piga hesabu ya ushuru wa Marekani kwa magari ya Kanada kabla ya kupanga bei.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuondoa kabla ya kuleta. Ram 1500 ya 2025 ilinyang'anywa injini ya V8 ya Hemi. Wateja wakang'aka, ikarudishwa kwa modeli ya 2026. Jeep iliacha kutengeneza Cherokee 2023, mrithi wake akatambulishwa 2025. Katikati hapo, mwenye Cherokee iliyochoka hakuwa na ya kubadilishia, akahamia kwa Toyota au Honda. Kwa hiyo Pacifica ya sasa iendelee kutoka kiwandani hadi mrithi wake awe tayari yadini.

Na magari ya kwanza ya modeli mpya yazuiwe kiwandani hadi hitilafu za programu na skrini zitatuliwe, hata tarehe ya uzinduzi ikipita.